Pisa Ilirudishwaje, Eiffel Iliuzwaje: Maswali Yenu ya Mwezi Huu

Jamani mmenijaza simu. Toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja tu kuhusu majengo maarufu duniani, mwishoni nikasema mwenye swali atume, nikijua yatakuja matatu manne, kumbe nimejichimbia shimo mwenyewe, mpaka naandika hapa meseji za WhatsApp sijazimaliza. Nimechagua haya. Kwa wale wapya, mimi sijasomea usanifu wala historia, miaka sita nilikuwa saidia fundi, nimebeba karai, nimechanganya zege kwa koleo, ndo maana nikiona jengo kubwa akili yangu haiendi kwa mfalme aliyetoa hela, inaenda kwa yule aliyekuwa chini anakanyaga udongo na kwa yule anayepanda leo kulipiga rangi. Kwahiyo mkiona majibu yanaelekea huko msishangae.

SWALI: Mkuu salama? Mwaka jana nilijenga ukuta wa uzio ukaenda upande kidogo tu, mwenye nyumba akanikata hela ya wiki nzima. Sasa naona huo mnara wa Pisa umelala miaka mia nane na watu wanalipa kiingilio kwenda kuuangalia. Waliojenga hawakuwa na timazi? Na kwanini wasiunyooshe yaishe?
Fundi mwashi, Morogoro

Salama kaka, pole na hela. Timazi walikuwa nayo, tena hata wewe ungekuwepo na pimamaji yako usingewasaidia kitu, maana ubaya haukuwa kwenye ukuta, ulikuwa chini. Walianza mwaka 1173, msingi wakachimba mita 3 tu, kwenye udongo tepetepe wa mfinyanzi na mchanga laini, halafu juu yake wakaanza kupanga mawe ya mnara ambao mzima una uzito wa kama tani 14,500. Piga hesabu mwenyewe. Kufika ghorofa ya tatu, mwaka 1178 hivi, ukaanza kuzama upande mmoja.

Bahati yao Pisa ilikuwa haiishi ugomvi na majirani, vita zikaingia, kazi ikasimama karibu miaka mia. Na hizo vita ndo zimeuokoa mnara, kwa sababu ule udongo ulipata muda wa kushindiliwa na uzito na kukaza, wataalamu wanasema wangejenga mfululizo ungeshaanguka zamani sana. Waliporudi kazini mwaka 1272 wakafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya, upande uliozama wakaongeza kimo cha kozi ili juu pakae sawa, kwahiyo ukiuangalia vizuri haujalala tu, umepinda kama ndizi. Chumba cha kengele kikaja kumaliziwa kwenye 1372. Karibu miaka 200 kwa jengo la mita 56, mwambie hivyo huyo mwenye nyumba wako labda atakuheshimu.

Sasa kichekesho ni kwamba kila aliyekuja kuusaidia aliuharibu. Mwaka 1838 msanifu mmoja akachimba mtaro kuuzunguka ili watu waone sehemu ya chini iliyozama, mnara ukashtuka ukalala zaidi. Mwaka 1934 Mussolini akaona ni aibu kwa Italia, akaamuru unyooshwe, wakatoboa matundu kwenye msingi wakaminya saruji ndani, ukalala zaidi tena. Mwaka 1989 mnara mwingine wa zamani kwenye mji wa Pavia ukaporomoka ghafla ukaua watu 4, hapo serikali ikaogopa, Januari 1990 wakafunga Pisa. Wakaanza kupanga vipande vya risasi, ile metali nzito ya kwenye betri za gari, upande wa kaskazini uliokuwa umenyanyuka, tani 600 kwanza, ukatulia. Halafu mwaka 1995 wakataka kuweka nyaya za kuushika, wakawa wanagandisha udongo kwa naitrojeni ili maji ya chini yasiwasumbue, usiku mmoja ukasogea kiasi cha mwaka mzima. Watu hawakulala. Wakakimbilia kuongeza risasi.

Dawa iliyokuja kufanya kazi ni rahisi mpaka unaona aibu kwanini hukuifikiria. Hawakunyanyua upande uliozama, walichota udongo chini ya upande ulionyanyuka. Mabomba 41 yameingizwa kwa mshazari, yanatoa udongo kidogo kidogo, leo hapa kesho pale, kisha unasubiri mnara wenyewe ukae taratibu kwenye nafasi uliyoacha. Jumla ya udongo waliotoa ni kama mita za ujazo 38, yaani tripu chache tu za Fuso la mchanga, na mnara ukarudi nyuma kama sentimita 44. Desemba 2001 wakafungua.

Kuunyoosha kabisa haiwezekani, si nimekwambia ni ndizi, ukinyoosha chini juu panapinda huku. Na hata ingewezekana, kaka, nani atalipa nauli mpaka Italia kuangalia mnara ulionyooka?

SWALI: Mwandishi, hapa Mombasa nauza na kununua vyuma chakavu. Jamaa yangu aniambia kuna mtu aliuza Eiffel Tower kama skrepa. Ni kweli ama ni porojo?
Mtu wa mizani, Mombasa

Si porojo. Mwaka 1925 tapeli mmoja anaitwa Victor Lustig alikuwa Paris, akaona magazeti yanalalamika kwamba ule mnara gharama za kuutunza ni kubwa, akachapisha barua zenye nembo ya serikali, akawaita wanunuzi wakubwa wa chuma chakavu kwenye hoteli ya kifahari na kuwaambia serikali imeamua kuubomoa, ni siri, leteni bei. Akamchagua mmoja aliyeonekana ana haraka ya kujulikana mjini. Yule mtu akaanza kuingiwa na shaka, na hapa ndo utamu wa mambo, Lustig akamwomba rushwa juu. Basi yule mtu shaka yote ikamtoka, akajua huyu kweli ni ofisa wa serikali, akalipa. Alipogundua kaliwa akaona aibu kwenda polisi, mpaka Lustig akarudi kujaribu kuuza mara ya pili. Baadaye alikamatwa Marekani kwa mambo ya noti bandia, akafungwa gereza la kisiwani la Alcatraz, akafa 1947 akiwa bado mfungwa.

Ila usimcheke sana yule mnunuzi mwenzio. Mnara ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1889 na kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, ulitakiwa ushushwe 1909. Gustave Eiffel akahangaika kuutafutia kazi ili usibomolewe, akaruhusu majaribio ya kisayansi juu yake, mwishowe mawasiliano ya redio ndo yakauokoa maana jeshi liliona antena ya mita 300 haipatikani kirahisi. Kwahiyo mtu kuambiwa 1925 kwamba sasa wanaushusha haikuwa ajabu. Na wewe mtu wa mizani nikupe hesabu yako, chuma ni tani 7,300, vipande 18,038, vimeshikwa na ribiti milioni 2.5, zile za kupasha moto unagonga ikiwa nyekundu. Hauna bolti za kufungua kwa spana, ungekaa na msumeno mpaka uzeeke.

Na kwa kuwa tumefika hapo acha niseme linalonifurahisha mimi. Ule mnara kila baada ya miaka kama saba unapigwa rangi upya, kama tani 60 za rangi, na wanapaka kwa brashi, kwa mkono, watu wamejifunga mikanda wananing'inia, hakuna mashine ya kupulizia. Rangi yenyewe si moja, chini inakolea, juu inafifia, vivuli vitatu, ili ukisimama chini ukiangalia juu jicho lako lione rangi ni ileile. Mwaka 2021 walipokuwa wanakwangua matabaka ya zamani wakakuta risasi nyingi kwenye rangi hizo, sumu, ikabidi kazi isimame kwanza. Mtu aliyewahi kukwangua rangi ya zamani kwenye madirisha ya chuma huku amefunga tambara puani atanielewa.

SWALI: Nina studio Mwanza. Nilipiga picha Eiffel usiku nikiwa safarini, nataka kuiweka kwenye kalenda za kuuza. Rafiki ananiambia nitashtakiwa. Kweli?
Mpiga picha

Ya mchana weka bila wasiwasi, Eiffel alifariki 1923, haki za umbo la mnara zilishaisha. Ya usiku ndo yenye kelele, kwa sababu zile taa zinahesabiwa kama kazi ya sanaa inayojitegemea, na kwa biashara wanataka uombe ruhusa kwa wanaousimamia. Picha za kumbukumbu, za kwenye albamu na za kuringishia mashemeji hazina shida. Tumia ya mchana kaka.

SWALI: Sisi huku Lubumbashi shaba tunaijua toka utoto. Mnasema Sanamu ya Uhuru ya New York ni ya shaba, mbona ni ya kijani? Walipaka rangi?
Mtoto wa Katanga

Ndugu yangu wewe hili jibu unalo, umewahi kuona sufuria ya shaba iliyosahaulika nje masika nzima? Ndo hiyohiyo. Ilipozinduliwa Oktoba 1886 ilikuwa rangi ya shaba kama sarafu mpya, hewa ya bahari na moshi wa mji ukaanza kuila taratibu, ikawa kahawia, ikaingia ukijani. Mwaka 1906 serikali ikataka kuipaka rangi, watu wa mji wakakataa, na mafundi wa jeshi walipochunguza wakaona ile kutu ya kijani ndo koti lenyewe linaloikinga shaba ya ndani. Ikaachwa. Na inahitaji hilo koti kwelikweli, maana bati la shaba la ile sanamu lina unene wa milimita 2.4 tu, kama sarafu mbili zimebandikwa, limegongwa kwa nyundo mpaka likashika umbo la nguo. Ndani ni tupu, kuna mifupa ya chuma, na aliyesuka hiyo mifupa ni huyohuyo Eiffel tuliyemsema hapo juu, kabla hajajenga mnara wake.

Kilichowasumbua baadaye kilikuwa ndani. Chuma na shaba ukivigusanisha mahali penye chumvi na unyevu chuma kinaliwa, fundi umeme yeyote anajua, wao waliweka kitambaa cha asbesto katikati kuvitenganisha lakini baada ya miaka mia kikaisha, ndo ukaja ule ukarabati mkubwa wa miaka ya 1984 mpaka 1986 wakabadilisha vyuma vingi wakaweka chuma cha pua.

Nyongeza ambayo hukuniuliza: miguuni pake kuna minyororo iliyokatika. Wengi hawaijui kwa sababu ukiwa chini huioni. Mfaransa aliyetoa wazo la sanamu alikuwa mpinzani mkubwa wa utumwa na vita ya Marekani ya kuumaliza ilikuwa imetoka kuisha. Mwenge kila mtu anaupiga picha, minyororo mpaka uwe na helikopta.

SWALI: Mwalimu wetu wa darasa la tano alituambia Ukuta wa China unaonekana ukiwa mwezini. Mwanangu naye kaambiwa hivyohivyo mwaka huu.
Baba Junior, Dodoma

Hauonekani. Ukuta ni mrefu sana, kilomita 21,196 ukijumlisha vipande vyote vya enzi zote, lakini upana wake ni mita chache, kama barabara ya mtaani. Toka mwezini ni kilomita 384,000. Ni sawa na uwe Posta halafu useme unaona unywele wa mtu aliyekaa kituoni Magomeni. Hata Mchina mwenyewe, Yang Liwei, wa kwanza wao kwenda anga za juu mwaka 2003, alirudi akasema hakuuona, na huko hakufika hata karibu na mwezi. Mwalimu msamehe, na sisi tulifundishwa hivyo.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Dubai nafanya kazi ya usafi. Wenzangu wanasema kwenye Burj Khalifa watu wa juu wanafuturu baadaye kuliko wa chini. Mimi nikawaambia mnatania, adhana si moja?
Wa zamu ya usiku, Dubai

Waalaykum salaam. Wenzako hawakutanii. Jengo lina mita 828, na mtu akiwa juu kiasi hicho upeo wake unakuwa mbali zaidi, jua lililokwisha kuzama kwa mtu wa mtaani yeye bado analiona. Na kufuturu si suala la adhana, ni suala la jua kuchwa pale ulipo. Kwahiyo mwaka 2011 mufti wa Dubai alitoa maelekezo kwamba wanaokaa kuanzia ghorofa ya 80 kwenda juu wasubiri dakika 2 zaidi, na juu ya ghorofa ya 150 wasubiri dakika 3. Nafikiria yule mtu wa ghorofa ya 79 na jirani yake wa 80, huyu ana tende mdomoni, yule anaangalia saa.

Na kwa vile wewe ni mtu wa usafi utapenda hii, kuosha vioo vya lile jengo toka juu mpaka chini inachukua kama miezi mitatu, wakimaliza wanaanza upya. Ila urefu wake una ujanja kidogo, mita kama 240 za juu hakai mtu, ni mnara mtupu wa chuma. Kama mtu anayekwenda kupimwa kimo amevaa kofia ya tarabushi.

SWALI: Kaka shikamoo. Nampeleka mama Delhi kwa upasuaji, kati ya vipimo na upasuaji tutakuwa na siku za kusubiri na mama anasema hawezi kufika India asione Taj Mahal. Inawezekana kwa siku moja? Halafu ni kweli mfalme aliwakata mikono mafundi wote?
Binti wa Tanga

Marahaba mdogo wangu, na mama Mungu amjalie. Inawezekana, lakini muulize daktari wake kwanza maana ni kutembea na jua la Agra si la mchezo. Toka Delhi ni kama kilomita 230, kuna treni ya haraka inaitwa Gatimaan inafika kwa saa moja na dakika arobaini hivi, unaondoka asubuhi unarudi jioni. Usiende Ijumaa! Ijumaa Taj inafungwa kwa watalii, wanaingia wenyeji kuswali kwenye msikiti uliopo mlemle ndani, na treni yenyewe siku hiyo haiendi. Magari ya petroli na dizeli hayasogei karibu, moshi unaharibu marumaru, mtapanda vigari vya umeme, kwahiyo mama hatatembea umbali wote. Mgeni analipa mara nyingi zaidi ya mwenyeji, kama sisi tunavyofanya kwenye mbuga zetu, usigombane nao.

La mikono si kweli, hakuna kumbukumbu yoyote ya wakati ule inayosema hivyo. Fikiria tu, Mumtaz Mahal, mke wa mfalme Shah Jahan ambaye Taj ndo kaburi lake, alifariki 1631 akijifungua mtoto wa 14, kazi ikaanza 1632, watu kama 20,000 wakashughulika, na kabla hata Taj haijaisha huyohuyo Shah Jahan akaanza kujenga mji mpya na ngome nyekundu hukohuko Delhi mwaka 1639, na msanifu anayetajwa kwa zote mbili ni yuleyule, Ustad Ahmad Lahori. Sasa ukimkata fundi mikono ngome atajenga kwa meno? Aliyeumia ni Shah Jahan mwenyewe, mwanae Aurangzeb akamfungia kwenye ngome ya Agra mwaka 1658, akakaa mle miaka minane mpaka kufa, akiliona kwa mbali kaburi la mkewe. Akazikwa pembeni yake, na kaburi lake ndo kitu pekee mle ndani ambacho hakikukaa katikati, vyote vingine ukikunja karatasi nusu vinalingana.

Mwambie mama aangalie na ile minara minne ya pembeni, imeegemea nje kidogo, makusudi, ili siku ya tetemeko ikianguka iangukie nje isilivunje kaburi. Na marumaru ikianza kuwa ya njano wanaipaka udongo wa multani, uleule ambao wanawake wa kule wanapaka usoni, wanauacha ukauke kisha wanaosha kwa maji. Yaani jengo zima linasingwa kama bibi harusi wa Tanga na liwa yake. Viatu mama avae vya kuvua haraka.

SWALI: Yule askari wa pale Posta Dar ni nani? Nimempita miaka kumi kwenye daladala sijui hata jina lake.
Abiria wa kila siku

Hana jina, na hapo ndo pana uchungu. Sanamu iliwekwa mwaka 1927 na Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu. Mahali palepale Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann, Waingereza wakaing'oa, ikaishia Hamburg, na huko nako wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha mwaka 1968. Huyu wetu amesimama na singe yake imeelekea bandarini. Siku ukishuka soma maandishi chini yake, yako kwa Kiingereza na Kiswahili, na mengine kwa herufi za Kiarabu, yanasema ukipigania nchi yako hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako, halafu hakuna jina hata moja lililoandikwa.

Wapagazi wametajwa kwa maneno, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, ila pale Dar hawana sanamu yao, Nairobi angalau kati ya wale watatu wa Kenyatta Avenue mmoja ni mpagazi. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Kilichowabaki kinywani mwa watu ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, watu wakalitamka wanavyoweza likawa Kariakoo. Kwahiyo kila unaponunua nyanya Kariakoo umewataja.

SWALI: Ndugu yangu, niko Muscat, bibi yangu kazaliwa Unguja. Kila siku alikuwa anatusimulia Beit al-Ajaib, umeme, lifti, milango. Alifariki kabla sijampeleka. Nikienda sasa nitaona nini?
Mjukuu wa Unguja

Bibi hakukudanganya hata moja. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, mawe ya matumbawe na chokaa, boriti, nguzo za chuma zimezunguka baraza pande zote, na lilikuwa la kwanza Unguja kuwashwa umeme na kuwekwa lifti, ndo watu wakaliita la maajabu. Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga majumba ya sultani pale mbele, ile vita isiyofika saa nzima, nyumba za jirani zikavunjika, mnara wa taa ukaharibika, lenyewe likabaki limesimama. Mwaka uliofuata wakalitia saa kwenye mnara wake wa mbele.

Mizinga haikuliangusha, maji ya mvua yakaliweza. Miaka na miaka paa linavuja, boriti zinaoza ndani kwa ndani huwezi kuona, mwaka 2012 kipande cha baraza kikaanguka wakalifunga, na tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na huko kwenu Oman, upande mkubwa wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka. Mafundi wawili walikufa. Nilikuwa nakula wali wa Krismasi kwa shemeji yangu picha zikaingia kwenye simu, sikuendelea kula, na siyo kwa ajili ya saa.

Ukienda usitegemee kuliona kama alivyolisimulia. Lakini nenda, simama Forodhani uliangalie, halafu ingia vichochoroni uone milango, hiyo bado ipo, na siku hizi kuna mafundi vijana wanajifunza tena kupika chokaa kwa namna ya zamani kwa sababu ukiziba jiwe la matumbawe kwa saruji unalifungia unyevu ndani linaoza. Mletee bibi dua pale.

SWALI: Piramidi za Misri walijenga nani, watumwa, majini au hao viumbe wa sayari nyingine? Hapa Bujumbura kijiweni tumegombana mpaka soda zikamwagika.
Mwenyekiti wa kijiwe

Mwenyekiti waambie walijenga vibarua. Ile kubwa ya mfalme Khufu, kama mwaka 2560 kabla ya Kristo, mawe kama milioni 2.3, mita 146 wakati ule, sasa hivi imepungua iko 138 hivi. Mwaka 1990 pale Giza farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa, kuchimba wakakuta makaburi ya wafanyakazi wenyewe, wamezikwa karibu kabisa na piramidi ya mfalme, na mikate na bia ya safari ya ahera, heshima ambayo mtumwa hapewi. Mifupa mingine ilivunjika ikaungwa vizuri, maana yake palikuwa na wa kuwatibu. Karibu na hapo yamekutwa majiko ya mikate na mifupa ya ng'ombe na mbuzi wengi sana. Walikuwa wanakula nyama kuliko mimi nilivyokuwa saidia fundi.

Na kuna kilichopatikana mwaka 2013 kwenye bandari ya zamani kabisa pwani ya Bahari ya Sham, inaitwa Wadi al-Jarf, mafunjo, zile karatasi za kale za matete, yenye maandishi ambayo ndo ya zamani kuliko yote yaliyowahi kupatikana. Mwandishi wake anaitwa Merer. Si kuhani wala mwanamfalme, ni nyapara, ana kikundi chake cha watu kama 40 na mashua, kazi yao kuchukua mawe ya chokaa meupe kwenye machimbo ya Tura, kuyavusha kwa mto Nile kipindi cha mafuriko mpaka Giza, yale mawe ya kufunika nje ya piramidi. Kila siku ameandika, leo tumeshinda Tura tunapakia mawe, leo tumeondoka tumelala njiani, leo tumefika, na hesabu ya mikate iliyoletwa. Kila siku kumi wanakwenda na kurudi mara mbili tatu. Miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Hakuna neno moja kuhusu maajabu ya dunia.

Nilipoisoma hiyo habari nilimkumbuka nyapara wetu wa saiti ya Tegeta, na kaunta buku lake lenye kava limeloa zege, anaandika huku peni kaigonga kwenye ukuta ili wino utoke. Jumatatu, saruji mifuko 14, kokoto tripu moja, watu sita, mmoja kachelewa. Aliyechelewa ni mimi.